GOBORE LA KUKA NA DOLA 350 ZA MPWA WANGU

Wewe uliye na mtoto au ndugu ng'ambo unajua kwamba simu ya usiku wa manane haiji hivi hivi. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, simu yangu ililia saa sita za usiku nikiwa nimelala fofofo hapa Kitale. Nilipoitazama nikaona ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani. Moyo ulinienda mbio. Nani amekufa? Au amefutwa kazi? Au ameoa huko bila kutuambia?

"Khocha," akasema, kwani ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mjomba, "nisamehe kwa kukuamsha. Nataka unipe shauri. Nataka kununua gobore."

Niliketi kitandani. Mama watoto akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, lala.

Huenda wewe kijana unayesoma ukurasa huu hujapata kuliona gobore, kwa hivyo hebu nikueleze kidogo. Gobore, ambalo katika Kiswahili cha zamani huitwa pia korofindo, ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Haina risasi za kopo kama za askari. Unamimina baruti kwanza mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi, na vyote unavishindilia hadi chini kwa mdeki, ile fimbo nyembamba inayokaa chini ya mtutu. Kule nyuma kuna chuchu ndogo ya chuma inayovalishwa fataki. Ukivuta kifyatulio, nyundo hupiga fataki, moto unaingia kwa tundu la chuchu, na baruti inalipuka. Ukitaka kupiga mara ya pili, sharti uanze tena kutoka mwanzo. Mnyama hakungoji.

Sasa kwa nini kijana wa leo, mwenye simu ya kisasa na gari, atake kitu kama hicho? Alinieleza, nami nilisikiliza nikidhani ananitania. Minnesota ina msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za kawaida mwezi wa Novemba, na huo ukiisha kuna msimu mwingine, unaoanza mwishoni mwa Novemba na kuingia Desemba, wa wenye magobore tu. Wawindaji huwa wachache wakati huo, na msitu umetulia. Rafiki yake wa kazini humchukua. Mnyama mmoja akigawanywa hujaza friza, na bei ya nyama huko imempiga kijana wangu kama inavyotupiga sisi hapa. Alikuwa ameshasoma mafunzo ya usalama wa uwindaji, kwani sheria ya jimbo hilo inamtaka kila aliyezaliwa baada ya 1979 awe nayo kabla ya kupewa leseni. Kadi ya kijani anayo. Fedha alizotenga ni dola 350 na hana senti zaidi.

"Na mbona unaniuliza mimi?" nikamwambia. "Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu."

"Mama aliniambia nyumbani kwa Kuka kulikuwa na gobore, na kwamba wewe ulilishika."

Kweli, nililishika. Lakini kuna jambo kuhusu siku ile ambalo mama yake hajui, na ambalo sikuwahi kumweleza mtu kwa muda wa karibu miaka 50. Wewe msomaji ndiwe wa pili kulisikia, baada ya huyo mpwa wangu.

Ilikuwa mwaka 1976. Nilikuwa na umri wa miaka 12, na dada yangu miaka saba. Baba yetu alikuwa amemfanyia kazi mlowezi mmoja karibu na Kitale miaka mingi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kubeba bunduki mzungu yule alipotoka kwenda kuwinda. Aliibeba, akaisafisha, akaipaka mafuta, lakini kuimiliki hakuruhusiwa kamwe. Walowezi walipoondoka naye akapata kishamba chake upande wa Kipsaina, kando ya kinamasi cha Saiwa, alitaka bunduki yake mwenyewe. Nadhani hata kama wanyama wasingemsumbua angeitaka tu.

Lakini walimsumbua. Saiwa ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, ndogo kuliko zote nchini, kilomita tatu hivi za mraba, hasa kwa ajili ya kumhifadhi nzohe. Huyu ni mnyama wa jamii ya pongo mwenye kwato ndefu zinazotanuka, kwa hivyo hutembea juu ya matope bila kuzama, na akiogopa hujitosa majini akabakiza pua peke yake. Ni mnyama mzuri wa kutazama. Lakini usiku akitoka kinamasini na kuingia kwenye maharagwe yako, uzuri wake huuoni. Nguruwe mwitu nao walikuwa wakifukua mahindi mistari kwa mistari, na asubuhi tumbili walichukua zamu. Baba alijua kwamba kumpiga mnyama ndani ya mbuga ni jela. Hesabu yake ilikuwa pongo na nguruwe wanaokuja shambani kwake, na wakati huo mtu aliweza bado kuomba cheti cha bunduki kwa polisi na leseni kutoka Idara ya Wanyama wa Mwitu.

Aliuza fahali kwa shilingi 700. Kisha akaanza kuchagua.

Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo alikuwa anauza bunduki ya marisau, nzuri sana, lakini bei yake ilizidi fahali watatu. Bunduki mpya ya dukani hata hatukuthubutu kuuliza. Jirani mmoja alimnong'oneza baba kuhusu fundi aliyekuwa akiunda magobore kwa vipande vya mabomba ya maji, rahisi kabisa. Baba alikwenda, akatazama, akarudi amenuna. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji, alisema, na mshono wake unapita ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku utakapopasuka, shavu lako ndilo lililo karibu. Nakwambia msomaji, watu wengi katika Afrika Mashariki wamepoteza vidole na macho kwa kutojua jambo hilo dogo.

Ndipo akakumbuka gobore la Kuka. Kuka ni babu kwa Kibukusu, na huyu alikuwa ndugu mdogo wa babu yetu mzazi, mzee aliyeishi chini ya vilima vya Chetambe karibu na Webuye, wilaya ya Bungoma. Alikuwa akisema alizaliwa mwaka wa vita vya Chetambe, yaani 1895, Waingereza walipowashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe wakiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi kutoka Buganda na Wanga. Wanafunzi wanaosoma makala haya watakumbuka kwamba chanzo kimojawapo cha vita hivyo kilikuwa bunduki. Wabukusu walikuwa wamezipata, na Hobley, ofisa wa Waingereza aliyekuwa Mumias, alizitaka zirudishwe. Gobore la Kuka halikuwa katika hizo. Hadithi ya nyumbani ilisema lilinunuliwa kwa pembe ya ndovu kutoka kwa msafara wa Waswahili kabla ya hapo. Lilifichwa darini juu ya meko wakati wote wa ukoloni, na hakuna chifu aliyepanda huko kutazama.

Basi tukasafiri, baba, mimi na dada yangu aliyelia mpaka akachukuliwa. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, hadi tukaanza kunusa kiwanda cha karatasi cha Webuye, ambacho kilikuwa kipya wakati huo na harufu yake ilikupokea kabla ya wenyeji. Baba alikuwa na shilingi zake kwenye soksi.

Kuka aliliteremsha gobore mwenyewe. Lilikuwa refu kunishinda, jeusi kwa moshi, na kitako chake kiling'aa pale lilipoguswa na mikono ya watu waliokufa. Akaliegemeza ukutani. "Kwanza tule," akasema. "Bunduki haitakimbia."

Walikula ndani wakiongea bei. Ndama mmoja, Kuka alitaka. Baba alitaka kutoa shilingi 200. Mimi nilimaliza chakula changu kwanza kama watoto wote, nikalichukua gobore, nikalitoa uani. Sikulificha wala hakuna aliyenikataza. Lilikuwa kuukuu mno hata kuonekana la hatari, mtu angedhani ni fimbo ya mzee. Dada yangu alikuwa ameketi chini ya mti wa mwembe akichezea mahindi ya punje. Nikamwambia awe nzohe. Akakubali, akachutama, akaziba pua kama aliye majini.

Nikapiga goti. Nikavuta nyundo kwa mikono miwili, kwa kuwa springi yake ilikuwa bado ngumu. Nikalenga kifua chake, kama hatua sita hivi, nikavuta.

Ta!

"Nimekufa," akasema, akaanguka huku akicheka. Nami nikacheka. Nikalirudisha gobore ukutani.

Baadaye Kuka alimwita baba nje amfundishe kulikagua. Hapa ndipo nilipojifunza kuchagua bunduki, na mpaka leo sijasikia somo lililo bora kuliko lile. Alimwonyesha chuchu, kama imeliwa na kutu. Akamwonyesha nyundo, kama inasimama katika nusu na kukaa hapo bila kuteleza. Akapitisha kucha juu ya mtutu kutafuta ufa. Kisha akasema, sasa tunatazama tumbo. Huwezi kuona tumbo la gobore, mtutu umezibwa nyuma, ni giza tu. Kwa hivyo unatumia mdeki.

Akauteremsha mdeki ndani ya mtutu mpaka ukagota. Akaubana kwa kidole pale ulipokutana na mdomo wa mtutu. Akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, kidole chake kikiwa sawa na mdomo. Ncha ya mdeki ilipaswa kufika kwenye chuchu. Haikufika. Ilikoma upana wa kiganja kabla yake.

Kuka akarudia. Ikakoma palepale.

Sijasahau ule ukimya. Baba hakuelewa mara moja. Kuka alielewa, kwani niliona mkono wake umeanza kutetemeka. Akaligeuza gobore lielekee migombani na kusema polepole kwa Kibukusu kwamba ndani mna kitu. Kaka yake ndiye aliyekuwa wa mwisho kulishindilia, usiku ambao chui alikuwa akizunguka zizi. Chui hakurudi. Baadaye huyo kaka alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, kama walivyochukuliwa vijana wengi wa pande zile, naye hakurudi vilevile. Gobore likapandishwa darini likiwa na chakula tumboni. Lilikaa huko karibu miaka 60, juu ya moto.

Kuka alitafuta waya wenye ncha ya kuzunguka kama kizibuo, akaufunga kwenye mdeki, akachokoa. Kitambaa kikatoka. Vipande vinne vya chuma vikatoka. Kisha akainamisha mtutu na unga mweusi ukamwagika juu ya jani la mgomba, mkavu kama majani ya chai. Akachukua kidogo kwa ncha za vidole na kukirushia kaa la moto.

Fuu! Mwanga mweupe, moshi, na harufu kama ya yai bovu.

(Usije ukaiga. Leo wajuzi wanasema mimina maji kwanza hadi baruti ife, ndipo uchokoe. Kuka alikuwa mzee wa zama zake.)

Baruti ya kale haiozi, msomaji. Ikikaa pakavu inaweza kukungojea hata ukapata wajukuu. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimekosekana pale uani, fataki moja ya ukubwa wa punje ya dengu juu ya ile chuchu. Kuka alikuwa na kikopo chake kizima ndani, na kama ningekijua, mimi mtoto mtundu wa miaka 12, ningeipachika ili mchezo upendeze.

Sikusema neno. Baba alinitazama mara moja, nami nikatazama chini. Sijui kama alijua. Hakuniuliza siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na sasa ameshalala kaburini.

Hakununua. Njiani alisimama Webuye dukani akanunua karabai mpya na mafuta ya taa, na shilingi zilizobaki zikaja kuwa karo yangu ya sekondari. Tulilinda shamba kwa taa, mbwa wawili na debe la kupiga, tukahamisha maharagwe mbali na kinamasi. Wanyama waliendelea kula, ila walikula kidogo zaidi. Mwezi wa Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama wa mwitu nchini, na baba alizima redio akasema, "Ndama wetu tungemtupa." Marufuku hiyo ipo hadi leo, na sheria ya 2013 imeikaza zaidi. Hiyohiyo pia ndiyo inayokuruhusu kudai fidia mnyama akikuharibia mimea au akikujeruhi, kwa hivyo mkulima anayesoma haya apige ripoti kwa KWS badala ya kutafuta fundi wa mabomba. Na anayepatikana na gobore la kienyeji bila cheti hupelekwa mahakamani kama mwenye bunduki nyingine.

Kuka aling'oa nyundo ya gobore lake akaitupa katika mto Nzoia. Mtutu ulipelekwa kwa chifu. Nasikia chifu alicheka.

Basi unaelewa kwa nini sikulala tena usiku ule wa Oktoba. Kijana alikuwa amefurahi ajabu. Aliniambia kwamba sheria ya taifa la Marekani haiyahesabu magobore mengi kama bunduki za kawaida, na kwamba katika majimbo mengi mtu huyanunua bila ule uchunguzi wa polisi, hata kwa posta. Kwake hiyo ilikuwa habari njema. Mimi niliona ukuta wa nyumba ya Kuka.

Nilimwambia asinunue chochote kwa wiki mbili. Anitumie kila anachokisoma, nami nitakisoma pia. Mwalimu mstaafu ana muda. Na ninakupa hapa tulichokubaliana, kwani najua wapo wasomaji wenye watoto Texas na Ohio wanaoulizwa maswali kama haya, au watakaoulizwa.

Jambo la kwanza lilinishangaza. Magobore mapya ya huko yanaweza kufunguka. Mengi yanavunjika katikati kama bunduki ya marisau, na nyuma ya mtutu kuna kizibo cha chuma unachokizungusha na kukitoa kwa vidole. Ukishakitoa, unatazama upande mmoja na kuona mwanga upande wa pili. Nilipoona picha hiyo niliweka simu mezani nikatoka nje kidogo. Lile ambalo Kuka alihitaji mdeki na kidole kulijua, mtoto huyu angeliona kwa jicho. Nikamwambia: mengine yote tutayajadili, hili hatulijadili. Bei iwe ya chini, jina liwe lolote, kizibo cha nyuma sharti kifunguke kwa mkono.

Hilo peke yake liliondoa nusu ya vitu alivyokuwa amevitamani. Kulikuwa na gobore la mtindo wa zamani, lenye nyundo ubavuni na mbao nyekundu, ambalo alilipenda kwa sura. Kulikuwa na lingine la mkono wa pili, dola 90, la mzee aliyefariki ambaye watoto wake walikuwa wakiuza vyombo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Mabaki ya baruti nyeusi, na hata ya baadhi ya baruti za kuigiza kama Pyrodex, hula chuma upesi. Mtu akikosa kusafisha siku ileile, kutu huanza kutoboa ndani ya mtutu ambako hakuonekani. Na je, mzee yule alilimwaga au alilipandisha darini likiwa limeshiba? Watoto wake hawakujua. Alipowauliza walisema wanadhani ni tupu.

Yakabaki mapya ya bei ya chini. Alilinganisha CVA Wolf na Traditions Buckstalker, yote yakiwa kati ya dola 200 na 300 alikotazama, na CVA Optima ambalo lingemaliza dola zote 350 na zaidi. Optima lina mtutu mrefu kidogo na umaliziaji mzuri zaidi. Kijana alilitaka. Nikamwandikia hesabu kama ya darasa la sita. Bunduki bila baruti ni fimbo. Andika baruti, fataki, risasi na saboti, ambayo ni kikombe cha plastiki kinachovalishwa risasi. Andika mafuta, brashi na vitambaa vya kusafishia, fulana ya rangi ya machungwa ambayo sheria inaidai ili usipigwe wewe, na leseni. Na mazoezi! Mtu asiyefyatua mara 20 au 30 kwenye shabaha kabla ya kwenda msituni atamjeruhi mnyama na kumwacha afie mbali. Jumla ya vitu hivyo ilikula zaidi ya dola 100. Kwa hivyo bunduki ya 350 ilikuwa bunduki ya mtu mwenye 450, na ile ya 230 ndiyo iliyokuwa yake.

Alinung'unika. Nikamwambia babu yako aliuza fahali akanunua karabai.

Kwa kipimo cha tundu tulikubaliana nukta hamsini, ndicho wanachokiita .50, kwa sababu risasi zake zinapatikana kila duka. Lenye rangi ya fedha isiyoshika kutu lilizidi bei kidogo tu, nikamwambia aongeze, kwani najua jinsi vijana wanavyosafisha vitu. Alilishika dukani akiwa amevaa jaketi lake la baridi ili aone kama kitako kinakaa begani. Kuhusu baruti, jambo moja nililirudia mpaka akachoka: asitie kamwe baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, katika gobore ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Msukumo wake hupasua mtutu, na hapo tumerudi kwa fundi wa mabomba. Kijitabu cha kiwanda kinasema baruti gani na kiasi gani. Kipimo hicho si cha kuongezwa kwa mkono kama chumvi.

Kosa lingine la hatari ni kushindilia mara mbili. Mtu anajaza, anaitwa, anaongea, anarudi, anajaza tena. Nilipokuwa nikisoma maelezo ya huko kuhusu jambo hilo, nikakuta dawa yake na nikacheka peke yangu. Wanasema, weka alama kwenye mdeki. Teremsha mdeki katika mtutu mtupu, chora mstari pale unapokutana na mdomo. Shindilia kipimo chako, chora mstari wa pili. Tangu siku hiyo, kabla ya jambo lolote, teremsha mdeki na usome. Mzee asiyejua kusoma chini ya vilima vya Chetambe alifanya hivyo kwa kidole.

Hapo ndipo nilipomweleza mpwa wangu habari za mwembe. Nilimweleza yote, hata ile sauti ya "nimekufa". Alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani laini imekatika.

"Kwa hivyo mimi," akasema, kisha hakumaliza.

Alinunua Wolf. Novemba ilipokwisha alikaa siku tatu juu ya mti katika baridi ambayo mimi siwezi kuieleza, akaona kulungu mmoja jioni ya siku ya tatu. Kulungu wa huko, kwa faida ya wanafunzi, si jamaa wa pongo wetu. Dume hupukutisha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Huyu alikuwa mbali, zaidi ya hatua 100, na nyuma yake paliwaka taa za nyumba. Kijana hakupiga. Alirudi nyumbani, akalimwaga, akalisafisha usiku uleule, akanitumia picha mbili. Ya kwanza ni mdeki wenye mistari miwili ya rangi nyekundu. Ya pili alikuwa ametoa kizibo na kuweka simu nyuma ya mtutu. Unaona duara dogo la mwanga, na katikati yake kikombe chake cha chai kikiwa upande wa pili wa meza. Friza ilibaki tupu, akala kuku wa dukani.

Msimu mwingine unakuja. Ameniuliza kama amwambie mama yake. Nilimjibu kwamba hilo ni deni langu, si lake, na nimelichelewesha vya kutosha.

Dada yangu anaishi Bungoma mjini, na kila Jumapili akitoka kanisani hununua gazeti hili akaanza na kurasa hizi za katikati. Dada, ukifika hapa, nipigie. Usingoje usiku.